Sufuria moja, jiko la bati na shilingi 150 kwa siku: kupika mwenyewe kuna faida kweli?

#1 Kapera wa Kisauni | Jumapili, saa 2:40 usiku

Salaam. Nadai hivi: kwa mtu anayeishi peke yake hapa Mombasa, kupika ni ghali kuliko kula kwa mama mbaazi, yule auzaye mbaazi na chapati barabarani. Nibisheni kwa hesabu, si kwa maneno.

Nimehamia Kisauni mwezi uliopita, chumba kimoja. Vyombo vyangu vyote ni sufuria moja ya wastani na mfuniko wake, kisu, mwiko, sahani ya bati, kikombe na jiko la makaa la bati tupu. Gesi sina, friji sina. Chakula nimekitengea 150 kwa siku, makaa ndani.

Leo nimesema nipike maharagwe. Nusu kilo ya mekundu 80, kopo la makaa 60, nyanya na kitunguu 20, mafuta ya kupima 20, jerikeni la maji 20. Jumla 200. Jiko nimeliwasha saa tisa alasiri. Kopo likaisha, nikanunua la pili, 60 nyingine. Mpaka sasa hivi ukiyatafuna yanalia kama changarawe. Nimetoka barabarani nikala chapati mbili na mbaazi, 70, nikashiba. Haya, faida iko wapi?

#2 BintiKibokoni | saa 2:43

Uliyaroweka?

#3 Kapera wa Kisauni | saa 2:44

Hapana. Kwani ni mahamri yaumuke?

#4 BintiKibokoni | saa 2:44

Msimamizi funga uzi. Jibu limepatikana.

#5 Mzee wa Mwembe Tayari | saa 2:58

Usifungwe, yuwataka hesabu mwana wa watu apawe hesabu. Mwanangu, hino hisabu yako ina tundu. Nusu kilo ya maharagwe si chakula cha mtu mmoja usiku mmoja. Yakishaumuka hiyo ni sufuria nzima, wala siku tatu. Wewe umeigawanya pesa ya siku tatu kwa usiku mmoja, kisha waja kutulilia. Ungesema 260 kwa milo sita, kila mlo ni arubaini na kitu, na chapati zako za 70 zimeshindwa.

Na nusu kilo nzima ya nini mtu peke yako? Nusu ya hiyo yatosha. Mwanzo mtu hujifunza kupika kidogo. Mtele kidogo, mtuzi kidogo.

#6 Bara2Pwani | saa 3:02

Mzee, mtele ndio nini? Na mtuzi?

#7 Mzee wa Mwembe Tayari | saa 3:05

Mchele na mchuzi, kwa nyinyi mliokuja na basi la usiku.

#8 Kapera wa Kisauni | saa 3:09

Mzee nimekuelewa lakini siku tatu wapi? Bila friji, na joto hili, maharagwe ya jana usiku leo adhuhuri yameshachacha. Nimeshamwaga mara mbili tangu nihamie. Kwa hiyo gawanya kwa milo miwili, si sita. Tuko palepale.

#9 FundiBati | saa 3:20

Mimi natengeneza majiko, kwa hivyo nitasema la kwangu. Tatizo si maharagwe, tatizo ni hilo jiko. Jiko la bati tupu lapasha moto miguu yako na ukuta wa jirani kabla ya sufuria. Yale yenye udongo ndani, yaliyobanwa kiuno, yalianza kutengenezwa hapa Kenya miaka ya 1980 kwa sababu hiyohiyo: udongo washika moto, makaa yaenda polepole. Kopo lilelile lingekufikisha mbali zaidi.

Na wapikia wapi? Ndani au mlangoni?

#10 Kapera wa Kisauni | saa 3:24

Kizingitini. Ndani joto halivumiliki.

#11 FundiBati | saa 3:26

Ndiyo hivyo. Upepo unakula makaa yako bure, na moto hauzingiri sufuria. Zungusha hata mabati mawili kama ukuta, au matofali. Kesho jaribu uone.

#12 MwalimuTudor | saa 3:51

Fundi kasema kweli kuhusu jiko, lakini moto peke yake hauelezi saa tano na nusu. Maharagwe hata kwa moto wa wastani, yakichemka yanachemka, na maji hayapiti pale yalipochemka hata uongeze makaa debe zima. Yakikataa, mna jambo jingine. Mimi nafundisha sayansi ya kimu na nina washukiwa watatu.

Wa kwanza ni umri. Maharagwe yakikaa stoo muda mrefu kwenye joto na unyevu, kama hapa kwetu, hugumu kwa ndani. Hayo hata ukiyaroweka siku nzima yatakusumbua. Ukinunua kwa kipimo kidukani hujui ni ya msimu upi.

Wa pili ni maji. Ukanda huu tumekaa juu ya matumbawe, yaani chokaa. Maji ya visima vyetu mengi yana madini ya kalisi na magnesi, na hizo hukaza ganda la maharagwe. Kapera, jerikeni lako lilikuwa la bomba au la kisima?

Wa tatu ni uchachu. Nyanya, ukwaju, ndimu, hivi vikitangulia kabla maharagwe hayajalainika, vinayachelewesha. Ulitia nyanya lini?

#13 Kapera wa Kisauni | saa 3:58

Mwalimu umenivua nguo hadharani. Maji ni ya kisima cha ploti, mkokoteni wa maji haukupita leo. Nyanya nilitia mwanzo kabisa, pamoja na kitunguu na mafuta, nikafunika. Na ukwaju kidogo, sababu nakumbuka nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anatia.

#14 BintiKibokoni | saa 3:59

Nyanya ndani ya sufuria na nyanya ndani ya kumbukumbu 😂 Huyu kakamatwa na washukiwa wote watatu na wa nne, kutoroweka.

#15 Mzee wa Mwembe Tayari | saa 4:10

Mwalimu kwa heshima zote, maji ya kisima tumeyapikia tangu babu zetu, na maharagwe yakiiva. Mji wa Kale mzima ulikuwa ukinywa visima. Hiyo ya chokaa siikubali. Siku hizi maharagwe yenyewe yaja yamepulizwa dawa ya wadudu, mimi nadhani ndiyo yakakakamaa.

#16 MwalimuTudor | saa 4:17

Mzee, na mababu walikuwa wakiyaroweka usiku kucha na kuyapikia kuni, tena nyingi. Walikuwa na muda. Kijana ana kopo la 60.

#17 Ng'onda Mkavu | saa 4:22

Chumvi pia. Ukitia chumvi mapema hayaivi. Hii kila mama anajua.

#18 MwalimuTudor | saa 4:31

Kila mama anajua na mimi mamangu aliniambia hivyohivyo, lakini chumvi ya mezani si mkosaji. Ukiroweka kwa maji yenye chumvi kidogo ganda hulainika upesi zaidi. Watu huchanganya chumvi ya jikoni na "maji ya chumvi" ya kisima. Kinachogumisha kwenye kisima ni ile chokaa.

#19 Ng'onda Mkavu | saa 4:33

Sawa mwalimu. Nitaendelea kutia mwisho 😁

#20 Shombo la Feri | saa 4:40

Hamjasema la maana. Jirani kamtia jicho. Mtu wapikia kizingitini maharagwe mekundu mbele ya ploti nzima, yataiva vipi?

#21 Bara2Pwani | saa 5:02 usiku

Wakuu, magadi! Kwetu unatia kijiko kidogo, nusu saa mambo kwisha.

#22 MwalimuTudor | saa 5:06

Magadi yanafanya kazi, sikatai. Lakini ukizidisha ladha yawa ya sabuni, na magadi huua vitamini B1 iliyo ndani ya maharagwe. Mtu anayekula maharagwe ndiyo nyama yake, asiyaharibu.

#23 Bara2Pwani | saa 5:08

Mwalimu wewe unaweza kuharibu hata harusi.

#24 Mama Watatu, Mishomoroni | Jumatatu, saa 11:50 alfajiri

Nimeamkia uzi huu nikacheka peke yangu. Kapera mwanangu, achana na maharagwe kwanza. Mtu mwenye sufuria moja asianze na kitu cha saa tatu. Anza na pojo. Haitaki kuroweka, dakika arubaini imepasuka.

Na kama sufuria ni moja, chakula chako ni mseto. Wazee walikitunga kwa sababu hiyo, mchele na pojo chungu kimoja. Pojo nusu kikombe, chagua mawe, osha, chemsha mpaka ipasuke nusu. Mchele kikombe kimoja uoshe utie humo humo. Nazi moja, tui jepesi ndilo la kupikia, tui zito litie mwisho wali ukikaribia kukauka. Chumvi. Ukipata kitunguu sawa, usipopata sawa. Maji yakikauka punguza makaa ya chini, mengine yapandishe juu ya mfuniko upalie. Hapo jiko laweza kuwa linazima na wewe waivisha. Robo saa baadaye epua.

Kitoweo chake ni kipande cha papa au ng'onda, samaki mkavu, kidogo tu, umechoma kwenye makaa hayo hayo. Harufu peke yake yashibisha.

#25 Bara2Pwani | saa 12:30 asubuhi

Pojo ni ndengu, si ndiyo?

#26 BintiKibokoni | saa 12:41

Ndengu yenu ndiyo pojo yetu. Dengu yetu si ndengu yenu. Usiende dukani Kibokoni ukasema "nipe dengu", utaletewa kitu kingine kisha useme Waswahili wezi.

#27 Tanga Raha | saa 1:15

Huku Tanga ni choroko, wakuu. Na "makaa" yenu ni mkaa.

#28 Shombo la Feri | saa 1:17

Mtanga rudi kwenu, uzi wa shilingi za Kenya huu.

#29 Kapera wa Kisauni | saa 1:40

Mama Watatu asante. Swali: nazi naikuna na nini? Mbuzi sina.

#30 Mama Watatu, Mishomoroni | saa 1:52

Sokoni Kongowea wakukunia kwa mashine hapohapo. Ukirudi nyumbani tia maji ya vuguvugu, kamua kwa mkono, kifumbu si lazima, kitambaa safi chatosha. Machicha usitupe, wape kuku wa jirani. Jirani mwenye kuku si adui.

#31 Mtoto wa Mama Mbaazi | saa 3:05 asubuhi

Nimesoma namba 1 mpaka 30 na hakuna aliyeuliza swali lenyewe. Mama mbaazi anauzaje sahani kwa 30 na bado anasomesha? Mimi nililelewa na hizo mbaazi, wacha niwaeleze.

Mamangu alikuwa akiroweka mbaazi asubuhi akirudi kuuza. Saa mbili usiku anateleka sufuria kubwa, ile ya sherehe, juu ya mafiga matatu uani. Kuni za vipande kutoka kwa seremala na vifuu vya nazi, vifuu anapewa bure na wauza madafu na wakuna nazi kwa sababu kwao ni taka. Anazichemsha kama saa moja moto mkali. Halafu anasukuma kuni nje, anaacha makaa tu, anafunika mfuniko, juu yake gunia lililokunjwa, na anakwenda kulala. Anaamka saa kumi, mbaazi ziko laini kama siagi. Hapo ndipo anatia kitunguu, bizari, pilipili na tui. Nazi hailali na mbaazi, hata siku moja. Ikilala inachacha.

Kwa hiyo Kapera, yeye anapika sahani sitini kwa moto mmoja. Wewe unapika sahani mbili kwa moto uleule. Huwezi kumshinda kwa bei. Tatizo lako si jiko wala kisima wala nyanya. Tatizo ni kwamba uko peke yako.

#32 Shombo la Feri | saa 3:09

Ushauri: oa.

#33 BintiKibokoni | saa 3:10

Kwa sahani moja ya bati? Nani atamkubali?

#34 Mchukuzi wa Magongo | saa 4:20 asubuhi

Namba 31 kamaliza. Sisi tuko watatu ploti moja hapa Magongo, kila mmoja na chumba chake. Twachanga 80 kila mtu kwa siku, 240, wa zamu apika kwa siku yake na twala sinia moja. Sima kilo moja, mchicha au mtsunga, siku ya pesa tunanunua simu, wale dagaa, za hamsini tunakaanga. Jiko moja lawashwa mara moja. Kila mtu ana 70 yake imebaki mfukoni.

Shida ni zamu tu. Kuna mmoja zamu yake hurudi nyumbani saa tano usiku, kila mara, hata iwe Jumapili.

#35 Kapera wa Kisauni | saa 4:31

Nitawapata wapi watu wa kuaminika? Jirani wa kulia ni mlinzi wa usiku, wa kushoto ni mama na watoto wanne.

#36 MwanaStovu | saa 6:10 mchana

Mwanibishia makaa mchana kutwa na hamsemi stovu. Ya mafuta ya taa. Yawaka papo hapo, wazima papo hapo, hulipi moto wa bure.

#37 Mzee wa Mwembe Tayari | saa 6:25

Stovu ilikuwa ya maskini zamani. Septemba 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, eti watu wasiyachanganye na dizeli. Tangu hapo stovu yangu nimeifanya kigoda cha kuwekea redio.

#38 MwanaStovu | saa 6:28

Mzee, na makaa? Marufuku ya kukata miti ya 2018 ndiyo iliyoyapandisha, na haijaondolewa mpaka leo.

#39 FundiBati | saa 6:40

Rais alitangaza kuiondoa Julai 2023. Bei haikurudi, hilo ni jingine. Na msitazame bei tu, tazameni kopo. Kuna makopo yamebonyezwa kitako mpaka ndani yamekuwa na kilima. Kopo la 60 lenye kilima ni kopo la 60 bila robo yake. Geuza kopo kabla hujalipa, muuzaji akununie.

#40 Bara2Pwani | saa 7:15 mchana

Gesi ndogo ya kilo sita. Inaingia miezi miwili kwa mtu mmoja.

#41 MwanaStovu | saa 7:18

Gesi ina kodi ya asilimia 16, bora uchome noti.

#42 Bara2Pwani | saa 7:26

Hiyo ni habari ya zamani. VAT ya 16% ilirudi Julai 2021, 2022 ikashushwa 8%, 2023 ikafutwa. Ugumu wa gesi ni kwamba unataka pesa zote siku moja. Makaa unanunua ya 30. Mtungi wa kawaida huuziwi gesi ya 30.

#43 Mchukuzi wa Magongo | saa 7:33

Bara umesema neno leo. Kila kitu cha maskini chauzwa ghali sababu chauzwa kidogokidogo. Mafuta ya kupima ya 20, hebu pima uone lita nzima yakupata kwa ngapi. Siku moja nilipima kwa chupa ya maji ya nusu lita, nikanyamaza.

#44 Kapera wa Kisauni | saa 9:00 alasiri

Naona kila mtu ana sababu yake. Mpaka sasa: kuroweka, jiko, upepo, maharagwe ya zamani, kisima, nyanya, ukwaju, dawa ya wadudu, jicho, upweke, tozo na kilima cha kopo. Leo upepo umezidi, nafikiri nihamishe jiko ndani nifunge mlango, angalau niokoe makaa.

#45 Mama Watatu, Mishomoroni | saa 9:02

Usithubutu!

#46 MwalimuTudor | saa 9:04

Usifanye hivyo kabisa. Makaa yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, inaingia kwenye damu badala ya hewa safi. Mtu husikia kichwa kizito, anajilaza kidogo, haamki. Hata makaa yakionekana yamefifia bado yanaitoa. Pikia nje na ukuta wa matofali kama alivyosema Fundi. Kama mvua, basi mlango na dirisha wazi, na jiko litoke nje kabla hujalala.

#47 Kapera wa Kisauni | saa 9:06

Nimeelewa. Jiko limebaki nje.

#48 FundiBati | saa 9:30

Na ukimaliza kupika usiache makaa yajiishie. Yatie kwenye mkebe wenye kifuniko, ule wa maziwa ya unga au wa rangi uliooshwa, funga. Yanazima kwa kukosa hewa, kesho unaanzia hapo. Kwa mwezi utaona tofauti.

#49 Ng'onda Mkavu | saa 10:15 jioni

Kuna mtu kanisimulia jiko la kikapu. Kikapu cha ukili, ndani nguo kuukuu au pamba, unachemsha maharagwe kidogo tu, unaitumbukiza sufuria, unafunika na mto, unaenda kazini. Ukirudi yameiva bila moto. Hii si ndiyo dawa ya Kapera?

#50 MwalimuTudor | saa 10:29

Ni dawa nzuri, na ndiyo ileile ya gunia la mama yake namba 31. Lakini "kidogo tu" ifute. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha. Inavunjika yakitokota kwelikweli dakika kumi angalau. Joto la vuguvugu haliiui. Kwa hiyo roweka usiku, maji yale mwaga, tia mapya, yatokote kwa nguvu robo saa, ndipo kikapuni. Pojo na mbaazi hazina shida hiyo kubwa.

#51 Mtoto wa Mama Mbaazi | saa 10:40

Mamangu hajui habari ya sumu na hajawahi kumharisha mtu. Saa moja ya moto mkali ilikuwa sheria, alisema mbaazi isiyotokota "haina adabu".

#52 Tanga Raha | saa 1:00 usiku

Na lile suala la kuchacha halijajibiwa. Mimi hulaza maharagwe, lakini bila nazi. Kabla ya kulala nayachemsha tena mpaka yatokote, nafunika, sifunui wala sichoti. Asubuhi nachemsha tena. Nazi naitia ile sehemu ninayokula tu.

#53 Mama Watatu, Mishomoroni | saa 1:12

Sawa kwa maharagwe, wali usifanye hivyo. Wali wa jana wenye utelezi hata ukiupasha moto mara mia, tumbo litakukumbusha. Pika wa kukwisha.

#54 Shombo la Feri | saa 1:20

Wali wa kulala ndio chai ya asubuhi ya wanaume. Mmetulea nao mkatukuza, leo mwatutisha.

#55 Kapera wa Kisauni | Jumanne, saa 3:10 usiku

Ripoti. Leo nimepika mseto. Mchele robo 40, pojo robo 45, nazi 50 na kukunwa, kitunguu 10, makaa nusu kopo 30, maji ya mkokoteni nimetumia kama ya 5. Jumla 180. Nimezungusha matofali, nimepalia juu, makaa yaliyobaki nimeyafungia mkebeni. Saa moja na robo nimeepua. Umeungua kidogo chini lakini nimekula nikalala chali. Umebaki wa kushiba mtu mwingine.

#56 BintiKibokoni | saa 3:14

Hongera. 180 kwa milo miwili, 90 kila mmoja. Chapati na mbaazi 70. Kwa hiyo bado unasema mama mbaazi kashinda?

#57 Mzee wa Mwembe Tayari | saa 3:20

Hajashinda. Yule kapawa chapati mbili, huyu kala mpaka kalala chali. Pimeni tumbo, msipime sahani.

#58 Mchukuzi wa Magongo | saa 3:22

Nazi 50 ndiyo iliyomwangusha. Siku mbili na nazi, siku tano bila.

#59 Mama Watatu, Mishomoroni | saa 3:25

Mseto bila nazi ni uji wa hospitali. Nazi ibaki, apunguze kingine. Haya, ukoko ulikula au ulitupa?

#60 Kapera wa Kisauni | saa 3:31

Ukoko wamekula watoto wa jirani, waligombana mpaka mama yao akatoka.

Na hapa kuna kisa. Yale maharagwe ya Jumapili, usiku ule baada ya kuandika huu uzi nilikuwa nayamwaga. Yule mama akaniona, akaninyang'anya sufuria, akasema "lete huku, utapata dhambi". Jana adhuhuri kaniletea bakuli, yameiva yote, laini, yana nazi na pilipili ya kuwasha. Na sufuria yangu imesuguliwa mpaka inang'aa.

#61 MwalimuTudor | saa 3:33

Alifanyaje? Alimwaga yale maji? Alitumia maji gani?

#62 FundiBati | saa 3:34

Ana jiko gani?

#63 Bara2Pwani | saa 3:34

Magadi hayo. Naapa.

#64 Shombo la Feri | saa 3:35

Jicho lilikuwa lake, kalitoa mwenyewe.

#65 Kapera wa Kisauni | saa 3:47

Nimetoka kumuuliza sasa hivi. Kacheka, kasema atanifundisha nikimrudishia bakuli lake. Bakuli nimelipeleka, kalitazama, kanirudishia. Kasema kwao bakuli la jirani halirudi tupu.

#66 BintiKibokoni | saa 3:48

Basi anza kuroweka sasa hivi.